Kapu la Jamaa na Nyumba ya Tapsabei

Siku mliyoniaga ofisini mlinikatia keki, mkanivika shuka, kisha kijana mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu: "Mama Bima, kabla hujaenda tuambie ukweli. Hii kufunga bima zote pamoja inaokolea mtu pesa, ama ni maneno ya kuuza tu?" Nilijibu, "Inaokoa," nikaketi. Watu walipiga makofi kwa sababu jibu lilikuwa fupi na pilau ilikuwa inapoa. Tangu siku hiyo nimekaa kwangu Londiani nikipalilia viazi, na jibu lile limekataa kunitoka rohoni. Ndiyo maana naandika. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa: inaokoa. Mwenye nafasi na avute kiti.

Nilianza kazi Kericho mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la misumari na mabati, na ngazi zake za mbao zililia kila mteja alipopanda, kwa hiyo tuliujua uzito wa mtu kabla ya kumwona sura. Nilikabidhiwa kwa wakala mkuu, Mzee Rono, mtu wa Kabianga, mrefu, mwenye kofia ambayo sikuwahi kumwona bila. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Mzee aliviangalia, akanipeleka kuona wateja upande wa Bomet, kwenye mashamba ya majani chai ambako mvua hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa. Nilirudi jioni nimeshika kisigino kimoja mkononi. "Sasa umefika kazini," akasema. Kesho yake nilinunua gambuti, na sikuvaa kiatu kingine cha kazi kwa miaka mingi.

Vifaa vyetu vilikuwa kitabu cha viwango, karatasi za kaboni, kikokotoo kilichokula betri kuliko tochi, na kitambaa cha kupangusa matope kabla ya kuingia sebuleni kwa watu. Simu ya ofisi ilifanya kazi ilipojisikia. Lakini chombo kikubwa cha Mzee Rono kilikuwa ulimi wake, na aliutumia kinyume cha mawakala wote niliowahi kuwajua. Alikunywa chai kwanza, akauliza habari za ng'ombe, kisha akaanza na yale ambayo bima haitalipa. "Mama, nyumba ikianguka sababu mchwa amekula nguzo, hatulipi. Ukikosana na bwana avunje dirisha, hatulipi." Watu walicheka, halafu walinunua. Nilipomuuliza kwa nini anajifungia mlango mwenyewe, alisema mtu akishajua mahali usipolipa, ataamini pale unaposema utalipa. Bado sijapata somo la kazi hii linaloshinda hilo.

Wateja wetu walilipa wakati wa bonasi. Mkulima mdogo wa chai hupata kidogo kila mwezi, na mara moja kwa mwaka hupata donge, na donge hilo hugombaniwa na karo, mabati, harusi na mchango wa kanisa. Bima ilisimama mwisho wa foleni. Kwa hiyo kampuni ilipotuletea Kapu la Jamaa, mimi nilishangilia. Zamani mtu alikuwa na bima ya nyumba peke yake, ya maisha peke yake, ya ajali peke yake, kila moja na tarehe yake na malipo yake. Sasa zote zingeingia kwenye kapu moja, malipo mara moja kwa mwaka, wakati wa bonasi, na jumla ikawa ndogo. Nilikaa na kikokotoo nikajumlisha na kutoa, na kila mara kapu lilishinda.

Mzee Rono alilipokea kapu kama mtu anayeletewa ng'ombe wa bei rahisi, akitafuta kovu. Kovu la kwanza tuliliona Kedowa. Mfanyabiashara mmoja wa huko aliweka kapuni duka, nyumba na pikapu. Mwaka uliofuata akauza pikapu. Punguzo likaondoka na pikapu, maana kapu lilitaka bima tatu, na bila gari halikuwa tena kapu, na mwisho akajikuta akilipa kwa duka na nyumba zaidi ya alivyolipa zamani. Alipanda ngazi zetu kwa kishindo hata wa dukani chini wakatoka kutazama. "Wambui, wewe ni msichana wetu," akaniambia kwa Kikuyu, "unaniibiaje?" Nilimrudishia bima zake moja moja, akatulia, akaninunulia soda. Huyo hasara yake ilikuwa ya kuchekwa.

Ya Tapsabei haikuwa ya kuchekwa.

Tapsabei alikuwa mteja wetu wa njia ya Bomet, mjane, mtu mzima wa masikio yaliyotobolewa zamani na kukunjwa juu, mwenye shamba la chai lililochumwa sawasawa kama meza. Marehemu mumewe hakumwachia mtoto. Na katika boma lile alikuwapo mwanamke kijana, Chelangat, na watoto wawili, wa kiume na wa kike, waliomwita Tapsabei "kogo", yaani nyanya. Siku ya kwanza nilidhani Chelangat ni mkwe. Tulipotoka, Mzee Rono alisimama barabarani akanieleza.

"Huyo si mkwe. Ni bibi yake."

"Bibi ya nani?"

"Ya Tapsabei. Mama akikosa mtoto, na bwana yake amekufa, nyumba yake itazima. Sasa anaoa. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana kama vile mwanaume anaoa. Watoto wakizaliwa ni ya hiyo nyumba, na jina ni ya ule mzee alikufa. Yeye Tapsabei ndio bwana. Na wewe usianze kufikiria maneno ya kitanda. Hii ni maneno ya nyumba."

Mimi nimezaliwa Londiani, na Wakipsigis, watu wa Tapsabei na Mzee Rono, nimechota maji mto mmoja nao tangu utoto, lakini jambo hilo lilikuwa limenipita. Nilipolizoea niliona halina ajabu. Mchungaji wao mwenyewe alijua, na alijua pia namna ya kutouliza, kwa kuwa hakuna nyumba iliyotoa maziwa mengi kwa kanisa kama ile.

Zamani Tapsabei alikuwa na bima tatu, zote za mkono wa Mzee Rono. Ya nyumba iliuliza habari za kuta, paa na jiko tu. Haikujali nani ameoa nani. Ya ajali ilikuwa ya Chelangat, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba majani mgongoni hadi kituo cha kuuzia. Ya maisha ilikuwa yake mwenyewe, na hapo aliandikisha kwamba akifa, Chelangat alipwe. Mtu anaweza kumwandikisha yeyote ampendaye, hata jirani. Zilikuwa ghali kidogo, zikikaa kila moja kivyake, na hazikumsumbua mtu.

Kapu lilipokuja, Tapsabei alilitaka. Nani angelikataa? Tofauti ya mwaka wa kwanza ingemnunulia mablanketi mawili mazito, na baridi ya kule haina huruma kwa magoti ya mtu mzima. Tulikaa sebuleni kwake. Maswali ya kapu yalianza na mume, kisha mke, kisha watoto. Mzee Rono alisimamisha kalamu hewani.

"Arap Rono, unangoja nini?" Tapsabei akamuuliza. "Bwana ya hii nyumba ni nani?"

"Ni wewe."

"Na bibi?"

"Ni Chelangat."

"Basi andika."

Akaandika. Nimeulizwa mara nyingi, na wakubwa wa kampuni Nairobi na hata na mume wangu, kama Mzee alikuwa anacheza. Hakuwa anacheza. Alikuwa Mkipsigis aliyeulizwa swali na akaandika ukweli kama unavyojulikana kuanzia Bomet hadi Kabianga. Kama angeandika kingine, angehisi amedanganya. Nairobi walipiga muhuri, wakatuma cheti, wakapokea malipo ya bonasi mbili bila neno. Mtakuja kuona wenyewe kwamba kampuni husoma polepole sana wakati wa kupokea na haraka sana wakati wa kutoa.

Moto uliwaka Januari, ule wakati wa kiangazi ambapo upepo hukausha hata mavi ya ng'ombe. Cheche iliruka kutoka jikoni ikaingia chini ya paa, na nyumba ya mbao aliyoijenga Tapsabei kwa bonasi za miaka mingi ikaisha kabla majirani hawajamaliza kuchota maji. Hakuna aliyeumia. Tulifika kesho yake. Tapsabei alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya mabati yaliyokunjamana, watoto wamejifunika blanketi moja, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Chai hakuna leo. Sufuria imeungua." Nililia. Mzee Rono alinitazama vibaya, kwa sababu wakala halii mbele ya mteja, halafu akageuka akapangusa jicho lake mwenyewe.

Mkadiriaji wa hasara alikuja, akapima, akasema ni halali, moto ni moto. Tukangoja. Kilichokuja kilikuwa mtu: mkaguzi kutoka makao makuu, kijana mpole mwenye tai, aliyevua viatu vyake vizuri akaazima gambuti zangu za akiba ili apite kwenye majivu. Sitaki mmwone kama shetani. Alikuwa na huruma, na hilo ndilo lililoharibu zaidi.

Alieleza hivi. Mume aliyetajwa kwenye kapu ana kitambulisho cha mwanamke. Kwa macho ya kampuni, huo ni uongo. Na kwa kuwa kapu ni mkataba mmoja wenye kiapo kimoja chini yake, uongo mmoja huvunja wote. Nyumba imekwenda. Ajali imekwenda. Bima ya maisha, ambayo Tapsabei alikuwa ameilipia tangu zamani kabla ya kapu kuzaliwa, nayo ilikuwa imeyeyushwa ndani yake, imekwenda pia. Mmewahi kuona mama akibeba kuni mgongoni, zote kwa kamba moja? Ikikatika, hauanguki ukuni mmoja.

"Lakini kuna njia," mkaguzi akasema. Alikuwa ameichapa tayari kwenye karatasi. "Mama aweke saini hapa tu. Aseme huyu dada si mke, ni msaidizi wa kazi, na watoto ni wa huyo msaidizi. Aseme wakala ndiye alikosea kuandika. Mimi nitasukuma hii kitu, nyumba italipwa."

Mzee Rono alisema upesi, "Aseme nilikosea. Mimi sina shida. Andika Rono alikosea." Alikuwa anaitoa kazi yake hapo hapo kwenye majivu, na sisi sote tulielewa.

Lazima niwaeleze palikuwa na nini nyuma ya karatasi ile. Marehemu alikuwa na ndugu, Kipkoech, ambaye shamba lake lilipakana na lile la Tapsabei. Huyo hakuwahi kuikubali ndoa. Kila aliposhiba alisema kwamba Chelangat ni msichana wa kazi aliyeletwa na mama mzee mpweke, na kwamba siku mama huyo akifa ardhi itarudi kwa ndugu wa damu. Tangu moto ulipowaka alikuwa akipita pale kila siku kuuliza, kwa sauti ya pole, kama watu wa bima wamekuja.

Tapsabei alimwambia mkaguzi, "Kijana, mimi nilitoa ng'ombe kwa wazazi ya huyu. Watu walikuja, wakakunywa. Nikisema leo yeye ni mfanyakazi, hawa watoto ni ya nani?"

"Mama, ni karatasi tu. Itakaa Nairobi, hakuna mtu ataiona."

"Kama ni karatasi tu, mbona unaitaka sana?"

Mkaguzi akaigeuza karatasi mkononi. Ndipo Chelangat alipopiga magoti kwenye majivu. "Kogo, weka tu kidole kwa hiyo karatasi. Mimi sitakasirika. Mimi najua mimi ni nani. Watoto wanalala nje, kogo."

"Simama," Tapsabei akamwambia. "Hukuja kwangu kufanya kazi ya mtu. Simama, nguo inachafuka."

Hakuweka kidole. Sasa niwaambie nilichohisi, kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilikasirika naye. Nilimkasirikia kuliko kampuni. Niliona nyumba, mabati mapya, watoto chini ya paa, vyote vikienda kwa sababu ya neno moja. Njiani nilisema hivyo kwa sauti. Mzee Rono aliendesha gari hadi tulipoanza kuona mwanga wa Kericho, kisha akasema, "Wewe unahesabu nyumba ya mbao."

Tulijaribu. Aliandika barua, nikaandika barua, tukapanda Nairobi tukakalishwa kwenye viti laini na kupewa biskuti. Tukaambiwa kwa adabu kuwa sheria ni sheria, na malipo ya mwaka ule yamerudishwa kwa mteja kama ishara ya nia njema. Mwezi uliofuata Mzee Rono aliombwa apumzike mapema. Aliniachia kitabu chake cha viwango na kalamu, akarudi Kabianga kwenye chai yake. Meza yake ilikaa tupu karibu yangu kwa muda mrefu, na kila ngazi zilipolia nilifikiri ni yeye.

Tapsabei na jamaa yake walihamia ghala la mahindi. Majirani walilizungushia mabati yaliyonyooshwa kwa nyundo na plastiki ya kuzuia upepo. Nilikuwa nikipita nikiwa na safari za Bomet, nikibeba sukari. Mvua za Aprili zilipita upande mmoja wa ghala zikatokea upande wa pili. Kifua chake kilianza kulia. Julai, ile baridi ambayo mchumaji wa chai huona pumzi yake mwenyewe hadi saa nne, alipelekwa hospitali akiwa amechelewa. Alifia huko, na bima ya maisha aliyoilipia muda wote ule haikununua hata mbao za jeneza. Alizikwa kwa mchango, na Chelangat aliketi pale anapoketi mjane.

Kipkoech hakungoja udongo ukauke. Wazee wa ukoo waliitwa, wakakaa kwenye nyasi nje ya mabaki ya nyumba, na akasimama kusema kwamba pale hapakuwa na ndoa, palikuwa na mama mzee na mfanyakazi wake. Mashahidi wa mahari wengine walikuwa wamekufa, wengine ghafla walikuwa wamesahau. Ardhi ya chai husahaulisha watu. Mzee Rono alikuja kutoka Kabianga bila kuitwa. Mimi nilikaa nyuma na wanawake, jirani mmoja akinong'ona kunitafsiria.

Mzee alivua kofia. Mara ya kwanza nikaona upara wake. Aliwasimulia wazee habari za mkaguzi, majivu na ile saini. "Aliambiwa, sema huyu ni mfanyakazi, utapata nyumba leo. Alikataa. Akalala kwa ghala mpaka akafa. Sasa nyinyi wazee niambieni, nani anaweza kufanya hivyo sababu ya mfanyakazi?"

Mzee mmoja akamuuliza Kipkoech, "Wewe ungekataa?" Kipkoech akaketi. Hawakuchukua muda baada ya hapo. Mpaka ulibaki ulipokuwa, shamba likabaki la mtoto wa kiume wa Chelangat, na watu wakaanza kudai chai.

Basi, wenzangu, mkiulizwa kama kapu linaokoa pesa, semeni ndiyo, halafu msinyanyuke. Muulizeni mtu ni kitu gani ndani ya kapu hilo asichoweza kupoteza, mkakiweke peke yake hata kama kitakuwa ghali. Someni kila swali mkifikiria nyumba mnayoijua ambayo swali hilo halikuijua. Na msiachie Nairobi wasome baadaye. Walazimisheni wasome mapema, wakati bado wanatabasamu. Nimewapa watu bima za pamoja mamia kwa mamia baada ya hapo, na wengi zimewafaa, sikatai.

Siku ile ya wazee, Chelangat alinisindikiza hadi barabarani. Nilikuwa na furaha kidogo, nilikuwa nimeshinda kitu ambacho hata hakikuwa changu, na nilianza kusema vile watu husema, kwamba sasa kogo amepumzika, ameona watoto wake wana mahali. Alinisikiliza. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi na mikono yake ilikuwa na rangi ya majani ya chai kwenye vidole, kwa maana alikuwa amechuma asubuhi hiyo hiyo kabla ya kikao. Akanishika mkono.

"Mama Bima, nikuulize, wewe umesoma. Kama angeweka kidole, si angekuwa angali mzima?"

Gari la Kericho lilikuja, likasimama, utingo akaita. Nilimwambia utingo aende tu, nikabaki pale nimemshika Chelangat mkono, na hadi leo sijamjibu.